Sala Iliyotuokoa Chilinde

Leo tungenunua nyumba Chilinde, kama mke wangu angekuwa mtu wa kusali kimya.

Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka asubuhi, tukaja mjini. Area 47 tulishaikataa kwa bei yake, tukabaki na mitaa ya Chilinde na Biwi.

Muuzaji, Mkongomani mwenzetu, alitupokea akinong'ona.
Mtu ananong'onaje ndani ya nyumba yake?

Nikaomba kuwasalimu majirani.
"Bote bako kazini, papa."
Mtaa mzima?

Nikaandika hilo kwenye daftari langu.

Mke wangu akasema tusali kwanza. Sisi wa Bukavu mnatujua: hatukubali nyumba bila kuiombea. Akaanza. Akalia, akapaza sauti, akamkemea shetani chumba kwa chumba.

"Mama, polepole, njo nakuomba!" Jasho linamtoka muuzaji.

Mlango ukagongwa. Majirani, watano! Mbele yao mama mmoja wa Kimalawi, ameshajifunga chitenje, kile kitenge chao, kama wanavyofanya msibani.
"Poleni. Nani amefariki?"

Nikamjibu kwa Chichewa changu kibovu: hakuna msiba, tunanunua nyumba hii.

Akamgeukia muuzaji. "Mwenye nyumba anauza, na wewe mpangaji mwenzangu hukuniambia?"



Muuzaji akasema anakwenda kuleta ufunguo wa chumba cha nyuma. Mama yule akatuletea viti tumsubiri. Tulikaa mpaka jua likatuhamisha. Hakurudi.

Sasa imebaki Biwi. Anayemjua muuzaji wa huko asiyeogopa sala, aniandikie hapa chini.