Mpira wa Mwisho wa Mama Peguy

Mtu akiniuliza nani mpigaji bora wa besiboli katika timu yetu ya ghala, hapa Mobeni, mtaa wa viwanda huku ugenini, namwuliza kwanza: wakati gani? Maana mchezo ukiwa mwepesi, hata mimi Kidawa mwenye magoti mabovu napiga. Mimi naongelea ile dakika ya mwisho, tuko nyuma, roho mkononi, watu wameacha hata kutafuna karanga. Hapo wengi wetu mikono inageuka mlenda.

Marie-Claire hakuwa hivyo. Ni mtu wa Bukavu, tumefunga maboksi meza moja miaka na miaka. Mchezo ukibana, yeye ndipo anatulia, kama mtu anayengoja chai ipoe. Siku zile tulimwita Mama Peguy, kwa jina la mwanawe wa pekee, kama tunavyoitana sote. Uwanja mzima unaita, "Mama Peguy! Mama Peguy!" naye anaupeleka mpira mpaka kule kwenye taa za barabarani, robot tunavyoziita hapa.

Mwaka jana Peguy aliugua, akafariki. Alikuwa na miaka tisa tu, jamani. Tulimzika, tukalia na mama yake, tukampikia. Halafu, bila hata kuambiana, tukaacha kulitaja lile jina. Tuliona ni kumtonesha kidonda. Akawa Marie-Claire, jina la kwenye kitambulisho cha kazini, naye akaitika. Ila tangu hapo hakugusa mpira. Anashika gongo la kupigia, macho yako mbali, anakosa mara tatu, anarudi kukaa. Niliogopa tunampoteza, na sisemi habari za timu. Mezani pia alikuwa amenyamaza.

Jumapili ya fainali tulicheza na watu wa bandarini. Tuko nyuma kwa pointi moja, wenzetu wawili wamesimama vituoni wanangoja mpira upigwe wakimbie, na tumebakiwa na nafasi ya mpigaji mmoja tu. Kocha ni mimi, wa kuchagua ni mimi. Kila mtu alisema Sia. Sia ana mabega, ana ujana, na msimu mzima amepiga vizuri.

"Dada Kidawa, nipe mimi," alisema, gongo tayari mkononi.

"Kaa chini."

"Tufungwe kwa sababu ya huruma yako?"

"Nimesema kaa, usinipandishe presha!"

Huruma gani? Nilishamwona Marie-Claire akibanwa, nikajua yule mtu wa zamani bado yumo ndani yake. Nikampa gongo. Akaniangalia kana kwamba nimemkosea.

"Kidawa, mi siwezi tena. Eish, mpatie Sia."

"Wewe nenda."

Mpira wa kwanza akaukosa. Wa pili ukampita, hata gongo hakuinua. Akikosa tena, basi. Wenzangu wakapiga makofi: "Allez, Marie-Claire! Twende, Marie-Claire!" Nikaona kila wakiliita hilo jina mabega yake yanazidi kushuka. Hasira zikanipanda, hasira za mapenzi, nikasahau adabu zote tulizojiwekea.

"Mama Peguy!" nilipaza sauti. "Amka bwana, piga mpira!"

Sia akanifinya mkono. Yarabi, nilitamani ardhi inimeze. Marie-Claire akageuka polepole, akanitazama, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Kisha akalikamata gongo vizuri, akatulia vile vile alivyokuwa akitulia zamani.

Aliupiga mpira ule, weee! Ukawapita watu wa bandarini juu ya vichwa, wenzetu wawili wakakimbia mpaka mwisho, tukashinda. Wote wakamvamia kwa vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, nalia hovyo.

Alipowaponyoka akaja kukaa kando yangu, bado anahema.

"Nisamehe, shoga," nikamwambia. "Limenitoka tu."

"Muliacha kuniita juu ya nini?"

"Tulidhani litakuumiza."

"Ile kimya ndiyo iliniumiza. Nilikuwa najiuliza kila siku, na hawa pia wamemusahau? Mi niko mama yake bado, Kidawa."

Nilimshika mkono, ule mkono wenye malengelenge ya gongo, nikasema taratibu, "Mama Peguy."

Akafumba macho.

"Ita tena," alisema.

Nikaita.