Mimi na Baba Chini ya Gari

Presha ya macho ilimchukua baba polepole, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia, na alipoacha kuona kabisa gari lake dogo jeupe likabaki kwangu. Alikuwa fundi magari miaka yote niliyomjua. Mimi nafundisha hesabu sekondari, na kabla ya Jumamosi ile sikuwahi kufungua hata nati moja.

Gari lilikuwa linagonga kwa mbele. Siku niliyokuwa namrudisha kutoka kliniki, baba aliinamisha kichwa akasikiliza, tangu tulipoiacha lami ya barabara ya Morogoro mpaka getini kwetu Kibamba.

"Bushi za mikono ya mbele zimekwisha," akasema. "Raba imechoka. Chuma kinapiga chuma."

"Nitalipeleka gereji, baba."

"Gereji ya nini? Tutazibadilisha wenyewe."

Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Akainua uso. "Nyie wawili? Mmoja haoni, mwingine hajui?"

"Ndiyo tumetimia," baba akamjibu.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na uwanja wetu ulitoa harufu ya udongo uliolowa. Niliweka mawe nyuma ya matairi, nikalipandisha gari kwa jeki, nikaliegemeza kwenye stendi zake za chuma. Baba alilizunguka akilipapasa, kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake, kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kichwa changu. Nilikuwa nimeangalia video kwenye simu usiku uliotangulia. Kila nikisita aliniuliza, "Huyo wa kwenye simu anasemaje?" Nikimwambia, anaguna.

Alifanya kazi kwa masikio. "Hiyo spana siyo yake," alisema. "Kubwa. Naisikia inacheza." Na kweli ilikuwa kubwa.

Mkono wa kwanza ulipotoka, chuma kizito kilichopinda kinachoshikilia gurudumu, nilimwekea mapajani. Akaitafuta bushi, ile raba nene yenye kiini cha chuma, akapitisha ukucha kwenye ufa wake. Vipande vikadondoka kama mkate mkavu.

"Masikini," akasema, na sikujua anamwambia nani.

Nyuma ya nyumba bado kuna meza yake ya kazi, na jiliwa la kubania vyuma lililofungwa pembeni yake. Nililibana polepole mpaka bushi kuukuu ikatoka kwa mlio mmoja mkali. Mpya ilinukia kama viatu vya kufungulia shule. Nikaipaka maji ya sabuni, nikazungusha mpini, na raba ikateleza ndani taratibu, kimya, hadi ikakaa. Nilijisikia kama nimejifungua. Nikampelekea baba aishike.

Vidole vyake vikazunguka mara moja, vikasimama.

"Umeigeuza," akasema. "Huu uwazi kwenye raba unatakiwa uangalie upande ule."

"Baba, nimehangaika saa nzima!"

"Mimi nimewahi kumfungia mtu breki kinyume, nikiwa na mke na watoto. Itoe."

Nikaitoa. Sijui kama ni jasho au machozi, lakini niliionja chumvi.

Baada ya chakula cha mchana tulirudisha mikono mahali pake. Wa kushoto ulikubali. Wa kulia ukakataa: tundu halikulingana na tundu, na bolti ikabaki mkononi mwangu. Nilijaribu mpaka mabega yakawaka. Baba akasimama.

"Nitandikie boksi."

"Baba, hapana."

"Mama, tandika."

Ndivyo anavyoniita akiwa hataki mjadala. Nikakunjua boksi la friji, akalala chali, akajisukuma kwa visigino mpaka tukawa bega kwa bega chini ya gari. Mkono wake ukapanda juu ya wangu, ukausukuma mkono wa gari kidogo tu, nusu ya kidole labda. Bolti ikaingia yenyewe.

Hatukutoka. Mwanga ulikuwa unaingia kwa ubavuni, wa njano, ukitambaa juu ya mchanga. Miguu ya kuku ilipita bila kuku. Nyumba ya jirani singeli ilikuwa inalia, ila ikitufikia ilikuwa imelainika kama inapigwa ndani ya maji. Nilipokuwa mdogo, baba yangu alikuwa jozi ya miguu inayochomoza chini ya magari ya watu. Nilikuwa naiambia ile miguu habari za shule, na sauti inanijibu kutoka gizani. Niliamini huko chini kuna chumba. Sasa nilikuwa ndani yake, na kilikuwa na nafasi ya kututosha wawili.

Nikageuka kumweleza. Alikuwa amelala.

Sikusogea. Sijui ulipita muda gani. Mwishowe uso wa mama ukatokea, umepinduka, chini ya mlango wa gari.

"Jamani, mmekufa humo?"

"Amelala," nikanong'ona.

Akamtazama kitambo, akavua kanga begani, akamfunika miguu kwa ajili ya nzi.

Baba alipoamka akaendelea na kazi. "Usikaze bado. Lishushe kwanza likae kwa miguu yake, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa linaning'inia, raba itajipinda, haitadumu." Nikalishusha, nikakaza.

Jua likiwa limeshuka tukatoka kulijaribu. Gari lilipita kwenye mashimo bila neno. Nilitaka kupiga vigelegele, ila nikaona baba ameshika mpini wa mlango kwa nguvu.

"Tumefika wapi?" akauliza.

"Hapa kwa muuza mkaa."

"Ah. Hapa palikuwa panagonga mara mbili. Kwenye tuta la shule, mara moja. Ndivyo nilivyokuwa najua njia."

Nikasimamisha gari. "Tuzirudishe zile za zamani?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Hebu niambie tu unachokiona."

Nikaanza vibaya, kama nasoma orodha ya mahudhurio: duka, nguzo, msikiti. Akanikatiza. Duka rangi gani? Nani kakaa nje? Nikapunguza mwendo. Nikamwambia kuna mwanamke anasuka mwenzake mbele ya duka la bluu, na wote wawili wanasinzia. Nikamwambia maji ya mvua yamebaki barabarani na mawingu yamo ndani yake, na tunayapita.

Tulipofika lami akaniambia nisigeuze bado. Nikakata kona kuingia barabara kuu, tukaendelea.