Intaneti ndani ya waya wa stima

Juzi, kwenye duka la vifaa vya stima hapa Thika, fundi alituambia amesoma ati huko majuu kompyuta za nyumba moja sasa zinagawana intaneti kwa waya uleule wa taa. Mama mmoja, mwenye ploti ya kupangisha kule mtaa wa Landless, akaweka balbu aliyokuwa ananunua kwenye kaunta.

"Mpangaji akichomeka pasi niliyokataza, taa yangu hufifia, nami naenda kubisha mlango. Hii nayo, taa itafifia?"

"Haitafifia, mama."

"Basi nitajuaje nani anaitumia?"

"Hutajua."

Akaichukua balbu yake. "Kwangu haiingii."

Alipotoka tu, jamaa aliyekuwa amejibanza nyuma yangu, shati lake limepigwa pasi likanyooka kabisa, akamuuliza fundi kwa sauti ya chini kifaa cha intaneti hiyo kinauzwa wapi.