Mama Mkwe Aliyebakiwa na Neno Moja

Jamani, mama mkwe wangu alizinduka baada ya kiharusi akiwa amebakiwa na neno moja tu.

"Ndiyo."

Mama, una njaa? "Ndiyo." Umeshiba? "Ndiyo." Huku machozi yanamtoka, maana anajua kabisa sicho alichotaka kusema.

Mwalimu wa kwaya maisha yake yote, mdomo kama cherehani! Leo maneno hayamtoki.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, akaona mwanya. Akaja na mnunuzi wa nyumba.

"Mama, tuiuze nyumba hii, uhamie kwangu?"

"Ndiyo."

"Mmesikia wenyewe!"

Mke wangu akawaka. "Kaka, hata ukimuuliza kama yeye ni trekta atasema ndiyo!"

Jamaa wala. Akaanza kumwonyesha mnunuzi vyumba.

Nikaenda jikoni kuchemsha chai, hasira zimenijaa. Nikajikuta naimba wimbo mmoja wa kwaya ya mama. Sauti yangu mnaijua, mbuzi ana nafuu.

Ghafla sebuleni ikapaa sauti safi:

"Umeshuka chiniii! Paaandisha!"

Sufuria ikanitoka mkononi. Nikatoka mbio. "Mama, umesema?"

"Ndiyo." Akakunja uso. Akavuta pumzi, akaimba: "Nyumba siuziii! Mtoeni huyo mgeniii!"

Mnunuzi alitoka bila kuaga.

Mtaalamu wa tiba ya usemi akatueleza. Kiharusi kimeumiza upande wa ubongo unaounda maneno, ila kuimba kunatumia njia za upande wa pili pia. Na kwa mtu aliyezoezwa muziki miaka mingi, huenda njia hizo zimeshakuwa pana.

"Mwacheni aimbe," akasema. "Maneno yanaweza kufuata."

Basi! Chumvi ikizidi, tunaimbiwa. Nikichelewa kurudi, naimbiwa beti zote na kiitikio. Majirani wanavuta viti.

Siku shemeji alipokuja kuomba radhi, mama akamkatisha: "Niimbieee!"

Njemba ikaimba. "Nisamehe mamaaa..." Jasho chapachapa, sauti imepasuka katikati.

Mama akamkazia macho. Kisha, bila tuni yoyote, kavu kabisa, akasema:

"Rudia."

Alikuwa ameongea! Mke wangu akaruka, akamkumbatia. Shemeji akapiga magoti, akarudia huku analia kama mtoto, na bado akakosea.

Ndugu zangu, mtoto wenu akiwasumbua na filimbi, msimnyang'anye. Zibeni masikio, mwacheni apulize. Hamjui anachimba barabara gani humo kichwani.