Sihaba na Saa ya Mbizi Isiyoazimwa

Saa tatu asubuhi, mjini Kibiti, mwanamke mtu mzima ameinamia ndoo ya maji ya tope mbele ya kibanda cha fundi saa. Ushungi ameufunga kisogoni na usoni amevaa miwani ya kupigia mbizi. Anavuta pumzi, anatumbukiza uso. Wapita njia wanasimama, na mmoja anauliza kama kuna kitu kimedondokea humo.

"Akili zangu. Ndizo nazitafuta," anajibu Sihaba, maji yakimchuruzika kidevuni.

Ndani ya ndoo kuna kompyuta mbili za mbizi, zenye ukubwa wa saa ya mkononi. Wenyewe huziita saa tu. Humwonyesha mpiga mbizi yuko kina gani na amekaa chini muda gani, na humwonya apande kabla naitrojeni, gesi iliyomo katika hewa anayovuta, haijazidi mwilini ikamdhuru.

Sihaba, mwenye umri wa miaka 41 na mzaliwa wa Mohoro, huongoza watalii wanaozama kutazama matumbawe nje ya delta ya Rufiji. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, boti yao ikiondokea Nyamisati. Saa yake ya zamani, aliyoachiwa na mgeni, imechoka. Muuzaji wa Dar es Salaam amemtumia mbili kwa basi azijaribu. Asiyoitaka itarudi na basi la saa sita.

Ndoo ina sababu yake. "Mto ukifurika, maji yetu ni chai ya maziwa mpaka huko nje," anasema. "Saa usiyoweza kuisoma ndani ya chai hiyo ni bangili."

Ya kwanza ina kioo cha rangi, inachajiwa kama simu na inasoma hadi hewa iliyobaki mtungini. Sihaba ameiwekea akiba misimu mitatu. Ya pili haina urembo: vitufe viwili na tarakimu nene. Bei ya ile ya rangi inanunua mbili za namna hii.

"Ya rangi naipenda, sisemi uongo," anasema akiipangusa kwa upindo wa kanga. "Lakini tarakimu zake ndogo, na macho yangu si ya juzi."

Huseni, fundi saa, anageuza ile nyingine. "Hii naifungua kwa sarafu, betri yake ninayo hapa. Ile ikigoma, dada, mie nitakupa pole tu."

Hata hivyo, si macho wala betri vinavyomkosesha Sihaba raha. Ni Bashiru, mwenzake wa kazi.

Mwishoni mwa mwaka jana, Bashiru alizama asubuhi na wageni. Aliporudi juu, saa yake ikazima. Mchana kulikuwa na safari nyingine, na Sihaba siku hiyo alikuwa na zamu ya botini, hajagusa maji. Bashiru akaomba saa yake, naye akaivua.

"Kwetu Mohoro mtu akikuomba jembe humwulizi mara mbili," anasema. "Mnyimi hazikwi na watu. Mkono ukatoa kabla kichwa hakijafikiri."

Saa ile haikujua lolote kuhusu mbizi ya asubuhi. Ilimhesabia Bashiru kama mtu aliyetoka nyumbani, ikamruhusu kukaa chini muda mrefu kuliko mwili wake ulivyoweza. Jioni, naitrojeni ikiwa imemzidi, bega likamuuma hadi akalia. Alipewa oksijeni, akapelekwa kutibiwa, akapona. Lakini alikaa miezi minne bila kuzama, akiuza korosho kwa abiria pale Nyamwage.

"Tulifundishwa sote kwamba saa ni ya mwili mmoja," Sihaba anasema, sauti ikishuka. "Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma."

Daktari amemruhusu Bashiru kurudi majini Jumatatu. Saa hana, na bila saa hazami.

Saa tano na nusu Sihaba anaifunga ile ya rangi kwenye boksi lake na kumpa kondakta wa basi. Anampigia muuzaji: alete nyingine ya tarakimu nene. Bashiru, aliyekuja kubeba ndoo tu, anavalishwa ile iliyobaki.

"Da Sihaba, ya kwako hii! Na ile uliyoiota misimu yote?"

"Nitaiota tena. Ndoto haikatiwi tiketi."

Anatoa rangi ya kucha mkobani na kuandika BASHIRU kwenye mkanda. Yake itafika kesho, nayo itaandikwa SIHABA. Jumatatu watazama pamoja kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akijaliwa, anasema, mwakani atasomea ualimu wa mbizi, na somo lake la kwanza litakuwa kunyima.

Bashiru anaitazama saa. "Na yako ikizima tukiwa huko?"

"Nitakaa botini niangalie mapovu yako," anasema Sihaba akimwaga maji ya ndoo. "Hata nikilia, usinipe."