Siku Nilipombeba Bwana Harusi kwa Gari Mpya

Kusema ukweli hii habari nilitaka nife nayo, lakini kwa kuwa video imeshazunguka kwenye magrupu yote ya ukoo kuanzia Ilala mpaka Lindi, na kila nikitia mguu kwenye shughuli lazima atokee mtu wa kuniuliza "Dada Zuhura, leo umekuja na usafiri gani?", nimeona bora niisimulie mwenyewe, maana wanaoisimulia wanaongeza chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa imeshatosha.

Mimi nauza mapazia Kariakoo, na ugonjwa wangu tangu zamani ni magari. Gari yangu ya kwanza, mnaokaa Ilala mnaijua hata kama mimi hamnijui. Ilikuwa saluni ndogo ya Kijapani, nyekundu, kuukuu, nimeishusha chini mpaka kwenye matuta naipitisha kiubavuubavu kama kaa, nikaifunga rimu pana, viti vya mbio, injini ya gari kubwa kuliko yenyewe, na ekzosi ambayo fundi aliponifungia aliniuliza kwanza kama nimeshauriana na majirani. Ilikuwa ya gia za mkono. Ikikaa kwenye foleni inachemka, kwa hiyo kila tukisimama muda mrefu nilikuwa naizima, nasubiri, naiwasha. Nilikuwa naipenda jamani. Nikiingia mtaani watu wananisikia kabla hawajaniona, na wabeba mizigo wa Kariakoo, watu ambao hawampishi mtu, mimi walikuwa wananipisha.

Sasa mdogo wangu Shabani akapata mchumba. Salma, mtoto wa Mzee Saidi, wale Waarabu wenye duka la vitambaa nyuma ya viwanja vya Mnazi Mmoja, watu wa heshima zao, hawana kelele. Shabani ni mtulivu mno, hata akikanyagwa anaomba radhi yeye. Tukapeleka posa, tukapokewa vizuri, tukanywa kahawa, halafu Mzee Saidi akamgeukia Baba Mdogo Hamisi, ambaye ndiye msemaji wetu, akamwambia taratibu:

"Kijana sina neno naye. Ila kuna gari inapita hapa dukani jioni, wakati wa sala, inanguruma mpaka vioo vinatetemeka. Nimesikia ni ya kwenu."

Baba Mdogo akanigeukia. Aliniangalia tu. Na mimi nikaiangalia kahawa.

Jibu la posa likachelewa. Shabani hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, akawa anakula nusu sahani na kunyanyuka. Basi nikafanya maamuzi: nikaiuza nyekundu yangu kwa jamaa mmoja wa Ilala (nililia, sifichi), nikaongezea, nikaagiza gari ya kisasa, nyeupe, haibridi, ile inayotumia mafuta na umeme, oto, ufunguo wake si ufunguo bali kidude kama biskuti kinachokaa mkobani, unabonyeza kitufe inawaka bila kutoa sauti yoyote. Kimya kabisa. Haikupita muda jibu likaja, tumekubaliwa, na mimi nikajihesabia ushindi wote.

Gari niliichukua yadi siku ya kuamkia harusi. Kaka aliyeniuzia akasema, "Dada, kaa nikuelekeze, hii ina mambo yake, hasa kwa mtu aliyezoea gia za mkono." Nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi nimeshusha injini kwa mikono yangu hii." Akanikabidhi kile kidude akaniombea safari njema.

Pale ndipo nilipojiharibia, ila sikujua. Kesho yake nikajiharibia mara ya pili kwa kutangaza kwamba bwana harusi atapanda gari yangu. Baba Mdogo alikuwa ameshakodi gari na dereva. Nikasema haiwezekani, mimi dada mtu nipo. Akakubali kwa sharti moja.

"Sheikh ana nikaha nyingine baada ya hii. Mzee Saidi ni mtu wa saa. Tukitoka hapa ni moja kwa moja mpaka kwa bibi harusi, usinipitie kokote."

"Sawa Baba Mdogo."

Tukatoka Ilala, mbele pikapu ya matarumbeta, kisha magari ya ukoo, mimi wa mwisho kwa sababu nilichelewa kupata gia ya kurudi nyuma. Nyuma nimempakia Shabani, kanzu nyeupe, joho, kilemba, na pembeni yake Shangazi Somoe kutoka Lindi akiwa na sinia la halua mapajani na mwavuli. Gari inanukia upya na udi kwa pamoja. Najisikia nimebeba mfalme. Na kweli, kama kungekuwa na mtu wa kunizuia pale, ningepona, lakini tulipokaribia Kariakoo nikaona kona ya kuingilia mtaa wa duka langu, nikasema moyoni: dakika chache tu, wenzangu waione. Nikakata kona.

"Mbona wenzetu wamenyooka?" Shangazi akauliza.

"Huku hakuna foleni, Shangazi."

Jamani, Jumamosi mchana, Kariakoo, nasema hakuna foleni. Hata Shabani alinitazama kupitia kioo.

Kilichofuata ni kwamba hakuna aliyenisikia. Ile nyekundu ilikuwa inafungua njia kwa mngurumo, hii inatembea kama paka, watu wanaendelea kupatana bei ya mashuka mbele ya boneti yangu. Nikapiga honi. Ikatoa sauti kama bata mchanga. Dada mmoja anayeuza vyupi vya watoto akageuka, akaangalia chini kwanza, miguuni kwake, kutafuta bata.

Nikafika mbele ya maduka yetu, nikamwona shoga yangu Mama Rama kasimama mlangoni, nikamnyooshea mkono kwa madaha, na hapo hapo, ili nipunguze mwendo, mguu wangu wa kushoto ukaenda kukanyaga klachi. Haina klachi. Ulikuta breki, pana, ukaikanyaga kwa nguvu zote za miaka yote ile. Gari ikasimama kama imegonga ukuta. Sinia likaruka. Nilisikia Shangazi anasema "Bismillahi," kwa sauti ndogo, kisha nikageuka: halua yote iko kifuani kwa bwana harusi.

Tukashuka. Mama Rama akaja mbio na ndoo na kitambaa, akina dada wa maduka ya jirani wakaja, kila mmoja ana ushauri wake wa kutoa halua kwenye kanzu, mwingine anasema maji ya moto, mwingine anasema barafu, na kadiri tunavyofuta ndivyo inavyong'aa. Ili nipate mikono yote miwili nikamkabidhi Mama Rama mkoba wangu, akauweka ndani ya duka. Mkobani mna simu na kile kidude cha ufunguo. Na gari muda wote huo ilikuwa inawaka, ila kwa kuwa haina sauti mimi nikajua imezimika yenyewe kwa mshtuko.

Shangazi akafunika doa kwa joho, akasema yatosha, wakati unakwenda. Tukarudi garini mbio, nikaweka gia, ikaondoka vizuri kabisa. Mkoba umebaki dukani. Gari ikaanza kulia ti, ti, ti, na yule mama wa Kijapani aliyemo kwenye redio akaanza kuongea, anaongea kwa adabu lakini mfululizo.

"Anasemaje?" akauliza Shangazi.

"Anataka ufunge mkanda."

Shangazi akafunga mkanda. Yule mama akaendelea. Nikamwambia Shabani naye afunge. Akaendelea vilevile. Nikaongeza kiyoyozi ili nisimsikie.

Tukatokea barabara ya kwenda Mnazi Mmoja, tukakuta foleni imejaa, haisogei hata kidogo. Simu ya tochi ya Shangazi ikaita, alikuwa Baba Mdogo, na sauti yake tuliisikia wote: matarumbeta yameshafika, kina mama wamepiga vigelegele, Mzee Saidi ametoka mlangoni na nduguze kumpokea mkwe, mkwe hayupo, sheikh anaangalia saa, tuko wapi?

"Tunakata kona hapo," Shangazi akasema.

Na mimi, kwa mazoea tu, kwa ajili ya foleni, nikabonyeza kitufe, nikaizima.

Taa zikakatika zote. Foleni iliposogea nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, ikatokea picha ya ufunguo mwekundu, ikapotea. Nyuma honi zikaanza. Nikashuka kwa kujiamini nikafungua boneti, nikijua huku ndiko kwangu, nikakuta mfuniko mkubwa wa plastiki na waya za rangi ya chungwa, sikuona hata kitu kimoja ninachokijua. Vijana wakajaa. "Dada, tusukume?" Wakasukuma, magurudumu yamejifunga, gari haiendi mbele wala nyuma. Trafiki akaja, akamwona Shabani na kilemba chake dirishani, akaniuliza kwa upole:

"Mama, huyu anaoa leo?"

"Saa hii hii, afande."

"Na hii gari ni yako?"

Nilitamani kumwambia si yangu.

Nyuma yetu kulikuwa na guta, yale ya injini yanayobeba mizigo, limepakia magodoro, na mwenye guta alikuwa anangoja tumpishe. Akainama akachungulia ndani ya gari yangu, akasema, "Kama mnaenda humo nyuma ya viwanja, mimi nashusha magodoro huko huko. Bwana harusi apande, mimi nitapenya."

Nikasema haiwezekani. Shangazi Somoe alikuwa ameshafungua mlango. Akamshika Shabani mkono kama anamvusha barabara, vijana wakawanyanyua wote wawili, wakaketi juu ya magodoro, Shabani kakunja miguu, Shangazi kafungua mwavuli juu yake. Guta likapanda kingo, likashuka, likapenya. Barabara nzima ikapiga honi, safari hii za furaha, watu wametoa simu wanarekodi, na Shabani, mtu asiyependa kutazamwa, nikamwona anainua mkono anawapungia. Mimi nimebaki na boneti wazi.

Sikukaa sana, akatokea Mama Rama juu ya bodaboda, mkoba wangu ameukumbatia. "Shoga, simu yako inaita haipumziki, nikajua kuna msiba." Alipokaribia mlango na ule mkoba wenye kidude cha ufunguo, nikabonyeza kwa kukata tamaa, gari ikawaka, taa zote, na yule mama wa Kijapani akanikaribisha. Vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Trafiki akageuka upande mwingine, mabega yanamtikisika.

Nilifika kwa Mzee Saidi nikiwa na machozi na jasho. Niliingia mtaani na gari nyeupe, mpya, inang'aa, na hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka, kwa sababu haikusikika, na kwa sababu wote walikuwa wamelizunguka guta. Matarumbeta yanapiga, wanamshusha Shabani kutoka kwenye magodoro, joho limefunguka na doa la halua linaonekana hadharani. Baba Mdogo kajishika kichwa. Nikamtazama Mzee Saidi, kasimama mlangoni, uso hauonyeshi kitu, nikasema basi, nimemharibia mdogo wangu.

Shabani akamwendea, akambusu mkono. "Shikamoo Baba. Nisamehe nimechelewa, na nisamehe kwa kanzu."

Mzee Saidi akaliangalia doa, akaliangalia guta, akamwangalia Shangazi na mwavuli wake, halafu midomo ikaanza kumcheza. Akacheka. Alicheka mpaka akavua kofia akajifutia macho, na nduguze wakaanza kucheka kwa kushangaa kwamba anacheka. Akamshika Shabani bega.

"Marahaba, mwanangu. Nikwambie kitu, mimi nilikuwa na hofu moja tu. Nilidhani nyinyi ni watu wa makuu, watu wa kujionyesha. Hofu imekwisha. Ingia, sheikh anakungoja."

Wakaingia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya matarumbeta, mkoba mkononi, na yale maneno yalinipata mimi peke yangu. Baba Mdogo alipita pembeni yangu, hakunigombeza. Alisema tu, "Ukimaliza kulia uingie, mbele kuna nafasi ya dada mtu." Nikaingia. Sauti ya Shabani ilipokubali ndoa ilitoka imara kuliko nilivyowahi kuisikia, na nilifurahi, wallahi nilifurahi mpaka nikasahau kwa muda nilichofanya.

Jumatatu nilirudi yadi nikamwambia yule kaka, anielekeze tangu mwanzo kama mtu asiyewahi kuona gari. Akanielekeza, na hakucheka, ingawa najua video alikuwa nayo. Sasa naendesha mguu wa kushoto nimeukunja nyuma kabisa. Na nimeapa mbele ya Shangazi Somoe: gari nitaendelea kuzipenda, lakini siku ya mtu mwingine nitapita njia waliyopita wenzangu, nitafika kwa wakati, na nitaegesha mbali.