Vitabu Vilivyopasua Vyungu vya Bibi

Ukurasa wenye farasi wa mabawa ndio nilioutambua. Ulijikunja katikati ya moto wa kuchomea vyungu, ukainuka juu ya matete, ukawa mweusi. Nikapiga kelele, "Bibi, vitabu vya mwalimu!" Bibi akachokoa moto kwa mti wake mrefu, lakini karatasi haisubiri mtu. Na gunia lililovileta vitabu hivyo, rafiki yangu, nililibeba mimi mwenyewe kichwani, kutoka shuleni mpaka ufukweni mwa ziwa, Matema.

Nimeyakumbuka haya wiki iliyopita. Shule anayosoma mjukuu wangu kule Mwaya ilituita wazazi tuchague hadithi za kale za maajabu za madarasa ya juu. Meza ya mbele alikaa mzee mmoja. Huyo nitamfikia.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa mwanamke mfupi, wa mtaa wa Bondeni kule mjini. Alikuja na sanduku la bati limejaa hadithi hizo: joka linalolinda kisima, msichana aliyeolewa na upepo. Asingeweza kuzisoma zote darasani, basi akawa anachagua. Na namna yake ya kuchagua sijaiona tena kwa mtu yeyote.

Jioni alikuja kwetu, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akawasomea wafinyanzi kurasa za mwanzo. Bibi na wenzake huku wanazungusha vyungu, udongo mbichi unanukia, dagaa wetu wa usipa wanakauka mchangani, ndizi zinatokota. Mikono ikiendelea na kazi, kitabu kinarudi sandukuni. Mikono ikisimama, anatia unyasi katikati ya kurasa: kimepita.

"Kisichomsimamisha mfinyanzi," alikuwa akisema, "hakitamsimamisha mtoto."

Siku ya hadithi ya joka, msichana akiwa bado amefungiwa kisimani, mwalimu alifunga kitabu akaaga. Jirani yetu akawaka. "We mwalimu, malizia basi! Chungu changu kimeshalala upande kwa ajili yako."

"Chungu kitafinyangwa upya," akasema bibi, asiyejua hata herufi a. "Huyo binti anatokaje kisimani?"

Basi mwalimu akawasha kibatari akamalizia. Mimi nikienda kuchota maji naukodolea macho mlima nyuma yetu, nikijua kabisa kuna mlango mahali fulani kwenye mwamba. Sijawahi kuwa tajiri kama mwaka ule.

Halafu mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee wa kanisa, akaingia darasani siku mwalimu hayupo. Akaona jalada lenye farasi wa mabawa. Hakufungua. "Huu ni uchawi," akasema, "na mnawalisha watoto." Mwalimu mkuu alimwogopa mzee yule kuliko alivyomwogopa Mungu. Akavitia vitabu guniani, akashona mdomo wa gunia kwa mkono wake, akaniita mimi. "Mpelekee bibi yako. Karatasi chakavu, za kuwashia moto."

Bibi alifurahi, masikini. "Ndaga fijo! Mwambie mwalimu mkuu ndaga." Kumshukuru alimshukuru! Akasokomeza gunia zima chini ya matete, na moto ukaruka ghafla, mkali kuliko vyungu viwezavyo kustahimili. Nusu vilipasuka. Tulivisikia vikilia kimoja kimoja.

Mwalimu alikuja jioni ile kama kawaida yake. Hakunigombeza. Aliokota kipande cha jalada, akakaa kwenye kinu, na bibi naye hakushika udongo. Kabla muhula haujaisha, mwenyekiti alishinikiza mpaka akahamishwa. Darasa likawa la kunakili ubaoni tu, mimi sikulimaliza.

Leo pale kwetu kuna nyumba ya wageni, na maji tunachotea ndoo za plastiki. Bibi hayupo, mwalimu mkuu hayupo. Mwenyekiti yupo. Ndiye aliyekaa meza ya mbele kule Mwaya, mgeni wa heshima, akatuambia tuchague "vitabu salama." Nilisimama nikamuuliza kuhusu vitabu vile. Akacheka, akasema mama huyu ana maneno ya zamani, tuendelee na ajenda.

Siendelei. Mjukuu wangu ana miaka ileile niliyokuwa nayo nilipobeba gunia. Mzee, nakuuliza tena, na safari hii kwa maandishi, niliyoyajifunza kwa yule uliyemfukuza: kabla ya kuviita uchawi, ulisoma ukurasa gani? Utaje, mbele ya wazazi wote. Nataka jibu.